Nusu Kidonge

Chuma cha getini kiligongwa saa moja kila asubuhi, na kila asubuhi kilimkuta Qabale amekwisha kuamka. Alikunja mkeka, akampangusa uso mdogo wake Sora kwa kitambaa chenye maji, kisha akaweka birika juu ya mafiga. Chai ilipokaribia kuchemka alifungua mkebe mdogo wa bati, akatoa kidonge kimoja cheupe na kukiweka juu ya kifuniko. Baada ya hapo alichukua kadi na penseli, akaweka alama ya vema kwenye mraba wa siku hiyo.

Kazi hiyo alipewa na Bwana Kaimenyi, mhudumu wa afya aliyekuja kwa baiskeli kutoka mjini Isiolo na kupita nyumbani kwao mara moja kila wiki mbili. Mama yake Qabale, Dahabo, alikuwa na kifua kikuu. Mama hakujua kusoma, na Qabale, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa amefika darasa la nne.

"Siku nitakayokuja ni yangu," Bwana Kaimenyi alimwambia. "Zile nyingine zote ni zako. Ukiona amemeza, weka alama. Asipomeza, acha wazi. Hakuna atakayekugombeza kwa mraba ulioachwa wazi."

Ilikuwa mwaka wa 1967, wakati wa vita vya shifta, kati ya serikali ya Kenya na waasi wa kaskazini. Familia nyingi za wafugaji zilikuwa zimeondolewa malishoni na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Kina Qabale walitoka Korbesa. Ng'ombe wao hawakufika. Baba yao, Roba, alikuwa upande wa Kinna na mbuzi wachache wakati amri ilipotolewa, njia zikafungwa, na sasa ulikuwa mwezi wa saba hawajamwona. Kijiji kilikuwa na geti moja. Kutoka kulihitaji pasi, na aliyetoka alitakiwa awe ndani kabla ya saa kumi. Nyumba za mikeka zilisimamishwa karibu karibu kiasi kwamba mtu akijigeuza kitandani, jirani alijua.

Ndiyo maana Qabale aliweza kusikia kikohozi cha Mama Golicha kana kwamba kilitoka ndani ya nyumba yao.

"Lete kisu," mama alisema kwa kunong'ona asubuhi hiyo, kama alivyosema kila asubuhi.

Qabale aliangalia kidonge. "Mama, leo meza chote."

"Lete kisu, nimesema."

Dahabo alikiweka kidonge juu ya kifuniko, akakandamiza kisu katikati, kikakatika sawasawa kwa mlio mdogo. Nusu aliimeza kwa chai. Nusu ya pili aliifunga kwenye ncha ya shuka yake, akainuka polepole, akaenda nyumba ya pili. Qabale alimsikia akisema, "Salaam aleikum, Mama Golicha. Chukua. Leo tena wamenipa viwili."

Hawakuwahi kumpa viwili. Kilikuwa kimoja kwa siku, tangu mwanzo.

Jambo hili lilianza siku ya kumi na tano ya matibabu. Mama alikuwa amekohoa kidogo siku hiyo, akapata nguvu ya kuzungumza Mama Golicha alipokwenda kwenye foleni ya maji. "Mwaka ule ng'ombe wetu walipokufa kwa ukame," alisema, "Mama Golicha alitupa ng'ombe mwenye maziwa, tukae naye. Wewe ulikuwa bado unatambaa. Ulikua kwa maziwa ya ng'ombe wake. Sasa mimi nimeze dawa peke yangu, na yeye anakohoa ukuta wa pili ananisikia nikimeza?"

"Basi tumwambie Bwana Kaimenyi. Ampe zake."

Mama alimshika mkono kwa nguvu ambayo Qabale hakujua kama bado anayo. "Wewe! Usithubutu. Ataandika jina lake. Jina likiandikwa hapa linaishia getini. Golicha hajaonekana tangu vita vianze. Wale askari wanamtafuta. Wakikumbuka kwamba mama yake yupo hapa, watamwita kila siku wamuulize mtoto yuko wapi, na yeye mwenyewe hajui."

"Na kadi?"

"Kadi inauliza nini? Kama kidonge kimemezwa. Kimemezwa au hakikumezwa?"

"Kimemezwa," alisema Qabale.

"Basi weka alama."

Hivyo ndivyo alivyoanza kuweka alama. Mwanzoni mkono wake ulisita. Baada ya wiki tatu haukusita tena, na hilo lilimsumbua zaidi.

Shule ya kijiji ilikuwa banda lililoezekwa kwa mabati, upande wa seng'enge unaotazama barabara. Wakati wa mapumziko Dima, wa darasa lake, alimkuta amekaa peke yake.

"Karani wa vidonge!" Dima alimwita. "Leo umeandika vingapi? Mimi nataka kimoja cha kuniongezea akili ya hesabu."

"Wewe hata ukimeza mkebe mzima hutaweza kugawanya kumi kwa mbili."

Watoto wengine walicheka, na Dima akacheka nao. Kisha akakaa karibu na kushusha sauti. "Qabale, nimesikia kitu pale kwenye foleni ya maji. Wanasema mama yako amezidiwa. Wanasema lori la Alhamisi litambeba."

"Nani anasema?"

"Watu. Walimbeba yule mzee wa safu ya nne, tangu Ramadhani mpaka leo hajarudi."

Qabale alitazama seng'enge. Nje yake, hatua kumi tu, kulikuwa na kichaka cha mkayukayu kilichokuwa kimechanua. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Aliporudi nyumbani mchana alikuta baiskeli ya Bwana Kaimenyi imeegemezwa mlangoni. Haikuwa siku yake. Mara nyingine alikuja bila kutarajiwa; alikuwa amewaeleza mapema kwamba ndivyo kazi inavyotaka.

Bwana Kaimenyi alikuwa mtu mwembamba kutoka milimani Meru, mwenye sauti ya chini. Alifanya kila kitu kwa utaratibu. Kwanza alimwaga vidonge vya mkebe juu ya karatasi safi, akavihesabu kwa ncha ya penseli. Kisha akaisoma kadi, mraba kwa mraba. Kisha akamwomba mama mkojo kidogo kwenye chupa, akadondoshea maji ya dawa yake, akatazama rangi ikibadilika.

"Vidonge vilivyobaki ni vile vinavyotakiwa kubaki," alisema. "Alama zipo zote. Na dawa imo mwilini, rangi imeonyesha." Aliifunga chupa. "Lakini makohozi ya mwezi huu tumeyatazama kwa hadubini, na wadudu bado wamejaa. Mwezi uliopita walikuwa wengi. Sasa ni wengi zaidi. Mama Qabale, unapungua. Hata bila mizani naona."

Mama aliinamisha kichwa. Kupitia ukuta wa mikeka, Mama Golicha alikohoa.

"Naomba nieleze tena jinsi kazi hii ilivyo," Bwana Kaimenyi aliendelea, akimgeukia Qabale. "Zamani mgonjwa wa kifua alilazwa hospitali mwaka mzima. Wangapi wanaweza? Mfugaji ataacha mifugo na nani? Kwa hiyo madaktari wameuliza swali: je, mtu anaweza kupona akiwa nyumbani, kwa vidonge vya kila siku? Wagonjwa wengine wanapewa vidonge peke yake. Wengine wanapewa vidonge pamoja na sindano za miezi miwili ya kwanza. Hakuna anayechagua. Unakumbuka ile bahasha?"

Qabale aliikumbuka. Ilikuwa imefungwa kwa gundi. Mama alipokubali kuingia katika uchunguzi huo, Bwana Kaimenyi aliifungua mbele yao, na ndani iliandikwa: vidonge peke yake.

"Kadi kama hii zipo mamia, katika miji mingi," alisema. "Zitajumlishwa zote. Kadi ya mama yako inasema: huyu alimeza kila siku, na dawa haikumsaidia. Zikiwa nyingi za namna hii, madaktari watasema dawa ya nyumbani haifai. Watu watarudi kulazwa mwaka mzima, na wasioweza kulazwa watakufa. Sisemi hivi kukutisha. Nataka ujue kile unachokishika mkononi." Alimtazama bila ukali. "Kwa hiyo nauliza. Anameza kila siku?"

Mama alikuwa anamwangalia Qabale. Ukuta wa mikeka ulikuwa hatua mbili tu nyuma yake. Akisema ukweli, Mama Golicha atasikia kila neno. Akisema ukweli, jina litaandikwa.

"Anameza kila siku," alisema.

Bwana Kaimenyi aliandika. "Basi dawa imemshinda. Nitampelekea daktari taarifa hii. Alhamisi kuna lori, mama ataenda hospitali kubwa. Itakuwa miezi mingi. Watoto hawaruhusiwi kumfuata."

Dahabo hakulia. Aliuliza tu, "Na hawa nitawaachia nani?"

"Sijui, mama," alisema Bwana Kaimenyi. "Laiti ningejua."

Ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi Qabale alikificha kisu chini ya gunia la mahindi. Mama alimtazama akitafuta birika, akitafuta kikombe, akitafuta kila kitu isipokuwa kisu.

"Kisu kiko wapi?"

"Sijui."

"Qabale."

"Meza chote, Mama!" Qabale alinong'ona. "Meza hizi siku mbili tu. Pengine ukimeza chote utapata nafuu, lori lisikuchukue."

"Na yeye?"

Qabale alimpenda Mama Golicha pia. Ni yeye aliyemsuka nywele, ni yeye aliyemfundisha Sora kupiga mluzi. Mama alikitia kidonge mdomoni, akakiuma katikati kwa meno, akatema nusu kwenye kiganja. Kisha kikohozi kikamkamata. Kilimkamata muda mrefu, akapiga magoti na kushika nguzo ya nyumba, na alipoondoa shuka mdomoni palikuwa na damu, nyekundu na nyingi kuliko siku nyingine yoyote.

Sora alianza kulia. Qabale alimsafisha mama, akamlaza, akakaa karibu naye mchana kutwa. Alitafuta mlango wa kutokea. Akinyamaza, mama ataondoka na lori, au atakufa hapa. Akisema, Mama Golicha atapelekwa getini, na mama hatamsamehe. Alilipindua jambo hilo kila upande, na kila upande alikuta seng'enge.

Jioni ilipokaribia jambo moja lilimjia, dogo tu. Mama Golicha hakujua. Alidhani kweli vinatolewa viwili. Na yeye pia hakuwa anapona. Nusu hiyo haikuwa imemponya mtu yeyote.

Jumatano Bwana Kaimenyi alikuwa na zamu ya kuwachoma wagonjwa sindano katika banda la getini. Qabale alisimama kwenye foleni akiwa na kadi mkononi. Ilipofika zamu yake alikuta askari, koplo mmoja mnene, amekaa kwenye kiti ndani ya banda akijipepea kwa kofia. Kando yake, juu ya meza, palikuwa na daftari la geti.

Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea.

"Ndiyo, Qabale?" alisema Bwana Kaimenyi. "Mama vipi?"

"Ametema damu jana. Nina swali. Ni swali la hesabu."

Koplo alicheka. "Leo daktari amekuwa mwalimu!"

"Uliza," alisema Bwana Kaimenyi.

"Mtu akipewa dawa ya mtu mmoja... na kila siku akaila nusu... mkojo wake utabadilika rangi?"

Bwana Kaimenyi aliacha alichokuwa anafanya. Aliiweka sindano kwenye sinia taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. Alimtazama Qabale, halafu kadi, halafu koplo.

"Afande," alisema kwa sauti ileile ya chini, "nisaidie. Hizi sindano zinataka kuchemshwa na maji yangu yamepoa. Wale wapishi wenu hawanipi mimi, lakini wewe wakikuona watakupa."

"Hao? Hao wanaringa sana," alisema koplo, akainuka kwa kujivunia, akachukua sufuria na kutoka.

"Sasa sema," alisema Bwana Kaimenyi.

Qabale alisema. Alisema yote, tangu siku ya kumi na tano, haraka haraka, bila kutaja jina. Alimaliza, akangoja kugombezwa. Bwana Kaimenyi alikuwa amefunga macho.

"Nusu," alisema. "Kila siku nusu. Ndiyo maana hesabu ilikuwa sawa. Ndiyo maana rangi ilibadilika. Nilikaa siku mbili nikijiuliza nimekosea wapi." Alifungua macho. "Nusu ya dawa hii haiwaui wadudu, Qabale. Inawachokoza tu. Mbaya zaidi, wakiizoea kidogo kidogo, siku moja hata kidonge kizima hawatakijali. Mama yako hakujua. Na wewe hukujua. Mimi ndiye nilipaswa kulisema hili siku ya kwanza, na sikulisema. Niliuliza kama amemeza. Sikuuliza kama amemeza chote."

"Utaandika jina la huyo mwingine?"

"Sogea uone." Alifungua daftari lake, la jalada la kijani. Kurasa zilijaa mistari, na mwanzo wa kila mstari palikuwa na namba. "Mtafute mama yako humu."

Qabale alitafuta Dahabo kwa kidole, akakosa.

"Ni namba kumi na saba. Majina yamefungiwa kwenye sanduku kule mjini, ufunguo anao daktari. Wanaosoma kadi hawajui kumi na saba ni nani, mwanamke wa wapi, mama wa nani. Daftari lile pale mezani," alionyesha la geti, "na hili langu hayajawahi kukutana. Siwezi kukuahidi askari watafanya nini na mambo yao. Hayo hayako mikononi mwangu. Naweza kukuahidi daftari langu tu."

Nje, koplo alisikika akibishana na wapishi.

"Na lori la kesho?" aliuliza Qabale.

"Lori nitalizungumzia kwa daktari leo jioni, nikiwa na kadi ya kweli. Lakini kwanza twende nyumbani."

Walipofika, Dahabo aliona uso wa binti yake na akajua. "Umesema," alisema kwa sauti iliyokauka.

"Amesema kuhusu dawa," alisema Bwana Kaimenyi. "Jina hakutaja, na mimi sikuuliza."

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Mkeka wa mlangoni ulisogezwa, na Mama Golicha akaingia, mrefu, amejifunga ushungi, mifupa ya mashavu imetokeza. Alikuwa amesikia kila neno. Mkononi alishika nusu kidonge cha siku hiyo.

"Dahabo," alisema. "Hivi ni vipande vya kidonge chako?"

Dahabo alitazama chini.

"Miezi hii yote unaniambia viwili, viwili. Mimi namwomba Mungu awabariki hawa watu wa dawa kwa ukarimu wao, kumbe nakula maisha ya mama wa hawa watoto?"

"Ulinipa ng'ombe," alisema Dahabo.

"Nilikupa ng'ombe mzima! Nilikupa nusu ya ng'ombe mimi?"

Dahabo akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na Mama Golicha akapiga magoti akamshika mgongo, naye akiwa anakohoa, wanawake wawili wameshikana. Bwana Kaimenyi aligeuka akatazama mlango mpaka walipotulia.

"Niandike," Mama Golicha alimwambia. "Namba, jina, utakavyo. Naitwa Bisharo. Kuhusu mwanangu, wakiniuliza nitawajibu kama nilivyowajibu zamani. Sijui alipo. Laiti ningejua mimi kabla yao."

Bwana Kaimenyi alimpa kichupa cha makohozi, akamweleza jinsi ya kukitumia. Kisha alimpa Qabale penseli na kuweka kadi ya mama juu ya goti lake.

"Sasa turekebishe."

Qabale alichukua kifutio.

"Hapana. Usifute. Piga mstari mmoja juu ya alama, ili iliyokuwa chini iendelee kusomeka. Pembeni andika: nusu. Atakayeisoma kadi hii mbali huko anatakiwa aone ulichoandika kwanza na ulichojua baadaye."

Kulikuwa na miraba sabini na sita. Qabale alipiga mistari sabini na sita, na kila mara aliandika neno lilelile. Vidole vilimuuma. Alipofika nusu ya kazi, mama alimsogezea kikombe cha chai.

Jioni ile daktari aliisoma kadi, na Alhamisi lori likaondoka bila Dahabo. Hata hivyo hakuna aliyewaambia kwamba mambo yamekwisha. Bwana Kaimenyi alisema wazi kwamba makohozi yamepelekwa maabara kuona kama wadudu wameizoea dawa, na kwamba majibu yatachukua wiki nyingi kwa sababu wadudu hao hukua polepole. Wakati huo wote, kwa amri ya daktari, Dahabo alichomwa sindano kila siku katika banda la getini na kumeza kidonge kizima. Bisharo naye alipatikana na kifua kikuu, akapewa mkebe wake. Koplo alimwita mara moja getini kuuliza habari za Golicha, kama alivyowaita akina mama wengine watatu wiki hiyo. Alirudi kabla ya saa kumi. Habari za dawa hazikutajwa.

Wiki zilikwenda. Qabale alikuwa akiamka na kusikiliza kikohozi cha kila upande wa ukuta, akilinganisha. Majibu yalipokuja, Bwana Kaimenyi alishuka kwenye baiskeli kabla haijasimama vizuri.

"Hawajaizoea," alisema. "Dawa bado inawaua."

Dahabo alifunika uso kwa mikono miwili. Mwezi wa nne baada ya hapo makohozi yake yalikuwa safi, na Bisharo alifuata mwezi mmoja baadaye. Seng'enge ilikuwa bado imesimama, na baba alikuwa bado Kinna, ingawa sasa walipata habari kwamba yu hai. Matibabu yaliendelea, kwa maana kidonge cha kifua humezwa miezi mingi hata kama mgonjwa anajisikia mzima.

Jumatano moja Qabale alimsaidia Bwana Kaimenyi kupanga vichupa katika banda. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akisema siku zote kwamba kikohozi chake ni cha vumbi, na mama mmoja aliyebeba mtoto, na vijana wawili wa safu ya mwisho. Wote walikuwa wamekohoa kimyakimya kwa miezi, wakiziba midomo kwa shuka.

"Wametoka wapi hawa wote?" aliuliza Qabale.

"Walikuwa hapa siku zote," alisema Bwana Kaimenyi. "Wamemwona Bisharo akimeza dawa yake mwenyewe mchana kweupe, na hakuna lililompata kwa sababu hiyo." Alikuwa anapiga mistari kwenye ukurasa mpya wa daftari lake. "Sikiliza, Qabale, kwa sababu utakuwa mkubwa na pengine utafanya kazi kama hii. Mama yako alitaka kumsaidia jirani, na hilo lilikuwa jema. Nisingependa aache kuwa mtu wa namna hiyo. Kosa lilikuwa kuficha. Alipoficha, mimi sikuweza kumsaidia yeye wala jirani yake, na daktari karibu aitupe dawa nzuri. Mgonjwa hukosea, na mimi nimekosea, umeona. Tukiandika yaliyotokea, kosa linaonekana na mtu anaweza kulirekebisha. Tukiandika tunayotaka yaonekane, kosa linabaki ndani na kuendelea kula watu. Ukiogopa kusema ukweli kwa sababu ya mtu mwingine, mtafute mkubwa unayemwamini, umwambie hata kwa swali la hesabu."

Alimpa kalamu ya wino, ambayo hakuwa amewahi kumwachia mtu.

Mzee wa kikohozi cha vumbi alisogea mbele, akavua kofia. "Mimi huwa nasahau siku mbili tatu," alisema kwa aibu, kabla hajaulizwa lolote. "Nikisahau, nitasemaje?"

"Utasema umesahau, Akaka," alisema Qabale, akimwita babu kwa lugha ya kwao, "na mimi nitaacha mraba wazi."

Kisha akaandika namba yake.